Geji ya tabo si pambo

Ukiweka geji ya tabo (ile feni inayozungushwa na moshi wa injini ili iisukumie injini hewa) ndani ya Subaru hapa Malindi, watu hawakuulizi inapima nini. Wanakuuliza gari sasa linakimbia kiasi gani. Kijana anayenioshea gari aliniuliza hivyo, jirani akaniuliza hivyo, na hata fundi mmoja ambaye angepaswa kujua zaidi aliinamia dirishani akauliza lile lile. Linakimbia vile vile. Geji haiongezi nguvu hata chembe. Inakuonyesha tu hewa inaingia kwenye injini kwa presha gani, sasa hivi, na mguu wako uko pale ulipo. Nimeendesha nayo majira ya kaskazi na ya kusi, na haya nayaandika kwa mwenye gari la tabo anayejiuliza kama inafaa kujisumbua.

Gari langu ni Subaru Forester ya 2004, injini ya lita 2.0 ya petroli, ile yenye mdomo juu ya boneti. Ilitoka Japani ikiwa mtumba, kabla haijapita miaka 8, maana sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu kuliko hapo. Mimi niliinunua baadaye sana, kwa mtu wa Mombasa. Ule mdomo wa boneti wengi hudhani unaingiza hewa kwenye injini. Kazi yake ni kupeleka upepo kwenye intakula, ile rejeta bapa ya aluminiamu iliyolala juu ya injini, ili hewa iliyobanwa na tabo ipoe kabla haijaingia. Tabo yenyewe imejificha nyuma upande wa kulia, karibu na ukuta unaotenga injini na dereva, yaani mbele ya magoti yangu kabisa. Pakumbuke hapo. Ndipo penye joto kali kuliko pote, na mpira wowote utakaoupitisha hapo hautadumu.

Kwenye dashibodi ya kiwandani kuna mshale wa joto, wa mafuta, wa mwendo na wa mizunguko ya injini. Wa tabo hakuna. Unaendesha mashine inayoweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, upande mmoja inapigwa na moshi wa moto, upande wa pili inavuta hewa ya nje, na habari pekee unayoipata ni mluzi na mgongo kubonyea kitini. Nilipolinunua gari, kila gereji niliyoingia ilikuwa na rai yake. Mmoja alisema tabo ni nzima, mwingine akasema imechoka, wa tatu akataka kuifungua "tuione tu". Nikaona bora niwe na kitu kinachosema namba, kuliko kuamini masikio ya watu.

Geji ziko za namna mbili. Ya kwanza ni ya mpira: mpira mwembamba unatoka kwenye injini, unapenya ukuta, unafika nyuma ya geji, na presha yenyewe ndiyo inayousukuma mshale. Ndani mna kijibomba bapa cha shaba kilichopindwa. Presha ikipanda kinajaribu kunyooka, ikishuka kinajikunja, na vijigia vidogo vinageuza mwendo huo kuwa mzunguko wa mshale. Ubunifu huo ni wa Mfaransa Eugène Bourdon, aliyeupatia hataza mwaka 1849, enzi za injini za mvuke, na mpaka leo ndio uliomo kwenye geji nyingi za kompresa. Namna ya pili ni ya umeme: sensa inabaki kule kwenye injini, na nyaya tu ndizo zinazoingia ndani.

Wengi watakushauri ya umeme, na huko bara huenda wako sawa. Mimi nilichukua ya mpira kwa sababu ya chumvi. Nakaa karibu na bahari, na hapa kiungo chochote cha umeme kilichoachwa wazi chini ya boneti huota kutu ya kijani. Sensa ikifa, unaanza kuzunguka ukitafuta sensa ya geji ile ile. Mpira ukifa, unakata mwingine, na fundi yeyote unayemkuta kati ya hapa na Mtwapa anaujua mpira.

Angalia vipimo kabla ya kulipa. Geji za mtumba kutoka Japani mara nyingi huandikwa x100 kPa, na hiyo ni sawa na bar, kipimo cha presha, hakuna hesabu ya kufanya. Za Kimarekani huandikwa psi, ambapo bar 1 ni psi 14.5, na upande wa chini ya sifuri (wa mvuto, yaani presha ikiwa ndogo kuliko hewa ya nje) huwa na kipimo kingine kabisa, inchi za zebaki. Kwa hiyo mwenye geji ya psi akikwambia gari lake likiwa limesimama linasoma 19 upande wa mvuto, hakudanganyi: ni inchi za zebaki, karibu bar 0.65 chini ya sifuri. Mimi nilitaka ya bar inayosoma pande zote mbili. Geji isiyosoma chini ya sifuri ni nusu geji, hasa kwa injini ya petroli. Niliiagiza Nairobi, Kirinyaga Road, ikaja kwa basi ndani ya boksi la viatu.

Tuliifunga na fundi wangu chini ya mwarobaini, asubuhi, injini ikiwa baridi. Kazi yenyewe si ngumu. Ugumu wote uko kwenye swali moja: unakata mpira gani?

Chini ya boneti ya Subaru kuna mipira myembamba mingi, na yote inafanana. Unaofaa ni ule unaotoka kwenye manifoldi, bomba linaloigawia injini hewa, yaani baada ya throtoli, kile kilango kinachofunguka ukikanyaga mafuta, kwa sababu hapo pana mvuto injini ikinguruma taratibu, na pana presha ukikanyaga. Ukiunga kabla ya throtoli, geji itakuonyesha tabo ikisukuma lakini ule mvuto hutauona.

Kuna mingine ambayo hatukuigusa. Mpira mnene wa buster ya breki, ile inayousaidia mguu kukanyaga, kwanza. Una valvu ya kupitisha hewa upande mmoja tu, hivyo geji haitasoma sawasawa, na ukiuvujisha utakanyaga breki ngumu kama jiwe. Halafu kuna ule unaokwenda kwenye rigyuleta ya presha ya petroli. Wengi huukata huo kwa kuwa uko karibu na mkono, na geji hufanya kazi vizuri tu. Lakini rigyuleta inautegemea mpira huo ili kupandisha presha ya petroli kadiri tabo inavyosukuma. Siku kiungo kikichomoka, injini inapata hewa na kukosa petroli, tena wakati ule ule inapoihitaji zaidi. Na ulio mbaya kabisa ni ule unaokwenda kwenye westigeti. Westigeti ni kijimlango kinachopunguza moshi unaoizungusha tabo, presha ikishafika kiwango chake, na kinachokifungua ni presha inayopita kwenye mpira huo huo. Ukiuvujisha, kijimlango kinachelewa kupata habari, na tabo inaendelea kusukuma. Mtu ananunua geji ya kuilinda injini, kisha anaiua kwa mpira wa geji.

Sisi tuliunga kwenye mpira unaokwenda kwenye valvu ya kurudishia hewa ya tabo ukiachia mafuta, ile iliyofungwa kwenye intakula. Hapo pakivuja, injini itanguruma vibaya gari likiwa limesimama, na utajua mapema.

Fundi alikuwa amekuja na kiungo cha T cha plastiki. Nikamwambia, "Kaka, hiki hakitamaliza kaskazi." Akakipindua mkononi, akakibonyeza kwa ukucha wa gumba, alama ikabaki. Akacheka, akamwita kijana wake akamtuma dukani kutafuta cha shaba. Tulikunywa chai kumngoja. Kiungo cha shaba kiliingia kwa tabu, ikabidi tulainishe ncha za mpira kwa maji moto, na mpaka leo hakijasogea.

Kupenya ule ukuta, usitoboe chuma kama huna haja. Chuma kilichotobolewa pwani hakikawii kushika kutu. Tulitumia raba kubwa inayopitisha nyaya za kiwandani, tukaitia tundu, tukavuta mpira wetu kwa waya wa hanga ya nguo, kisha tukaziba kwa silikoni ili maji ya masika yasipate njia. Tulizunguka upande wa kushoto, mbali na tabo, ijapokuwa mpira ulikwenda mrefu zaidi. Ndani tuliufunga kila baada ya shubiri moja, usining'inie kwenye pedali wala kwenye usukani. Vibano visikazwe mpaka mpira ukabonyea, maana hapo mshale unakuwa mzito na kuchelewa.

Taa ya geji tuliiunga kwenye waya wa taa za dashibodi, kupitia fyuzi, ili usiku ipunguzwe pamoja na nyingine. Anayeona hilo ni jambo dogo ajaribu kwenda Garsen usiku, barabara nyeusi tii, na kitaa cheupe kinamuwakia usoni. Na geji usiigandishe kwa gundi peke yake. Egesha gari Casuarina saa nane mchana uone kama dashibodi inashikika. Gundi zile za karatasi ya pande mbili hulegea, na geji utaikuta miguuni. Tuliishika kwa skrubu kwenye kibao kidogo kando ya usukani. Nguzo ya kioo cha mbele tuliiacha, kwanza kwa kuwa inaziba macho kwenye kona, pili kwa kuwa magari mengine yana mfuko wa hewa wa pazia humo, na sitaki kitu cha chuma kinirukie siku ya ajali.

Basi, sasa mshale unasema nini?

Gari langu likiwa limesimama, injini imeshapata moto na AC imezimwa, husoma kati ya 0.6 na 0.7 chini ya sifuri. Huo ni mvuto: pistoni zinataka hewa na throtoli imefunga. Ukiwasha AC, mshale unapanda kidogo kuelekea sifuri, kwa kuwa injini imebebeshwa mzigo na throtoli imefunguka zaidi. Nikienda 80 kwenye tambarare ya Gede, bila upepo wa mbele, uko karibu 0.4 chini ya sifuri. Nikitaka kulipita lori la chumvi linalotoka Gongoni, unafika sifuri, unatulia kidogo, kisha unapanda hadi 0.7 juu ya sifuri na kusimama hapo. Nikiachia mafuta huku gari liko kwenye gia, unaanguka mpaka karibu 0.8 chini.

Namba hizi ni za gari langu. Usizipeleke kwenye gari lako. Na hapa ndipo nilipoona watu wengi wanapotea: wanaweka geji, kisha wanaanza kuuliza wenzao "yako inasoma ngapi?", na yule mwenye 0.6 anarudi nyumbani ameinamisha kichwa. Magari mawili ya aina moja yanaweza kutofautiana kwa sababu ya geji tu, kwa kuwa geji za bei nafuu hupishana. Mama hahitaji kipimajoto kujua mwanawe ana homa, kwa kuwa anaujua mwili wa yule mtoto akiwa mzima. Wiki za mwanzo niliendesha nikiwa na kijidaftari, nikifika nasimama naandika: asubuhi, mchana, AC ikiwaka, AC imezimwa, gari tupu, gari limejaa watu wa harusi na masufuria yao. Mke wangu alinicheka sana. Lakini kijidaftari hicho ndicho kilichonisaidia baadaye, maana geji inasema namba tu, haikwambii kama hiyo ndiyo namba yako ya kila siku.

Jambo jingine ambalo sikulitarajia ni petroli. Mshale ukiwa chini ya sifuri, tabo haina kazi kubwa, na unaendesha lita 2.0 ya kawaida. Ukivuka sifuri, unalipa. Kwenda Mombasa ni kama kilomita 120, na zamani nilikuwa nakanyaga bila kujua ni wapi ninapovuka. Sasa najua kilima cha kutoka daraja la Kilifi naweza kukipanda mshale ukiwa pale pale kwenye sifuri, kama sina haraka. Sikuweka hesabu ya shilingi, ila mkono unaijua tofauti pale kituoni.

Safari iliyonifundisha zaidi kuhusu mshale huu ilikuwa ya Nairobi. Nilitoka Malindi alfajiri, nikapita Mariakani, Voi, Mtito Andei, na kila nilipopumzika nilitazama geji injini ikinguruma. Voi namba ya mvuto ilikuwa imeanza kupungua. Nilipofika Nairobi, ile 0.65 yangu imekuwa 0.5, tena pungufu. Dereva asiyejua angeingia gereji siku ile ile, na angeuziwa kitu. Maelezo yake ni mepesi: geji ya aina hii hulinganisha presha ya ndani ya manifoldi na hewa iliyokuzunguka. Malindi tuko usawa wa bahari, hewa inatulemea kwa kama bar 1. Nairobi iko juu, karibu mita 1,800, na hewa ya huko ni kama bar 0.82. Injini inavuta vile vile, ila ile hewa ya nje inayolinganishwa nayo ni nyepesi zaidi, kwa hiyo tofauti inaonekana ndogo. Niliporudi na kufika Mariakani, mshale ulikuwa umekwisha kurudi karibu na mahali pake. Ukinunua gari la tabo kwa mtu wa Nairobi akakwambia linasoma 0.5 limesimama, usishangae likisoma zaidi likishateremka pwani.

Halafu ikaja siku gari likawa zito. Lilikuwa linakwenda, halizimi, haliwashi taa ya injini, ila nikikanyaga linasita, na nyuma linatoa moshi mweusi wenye harufu ya petroli mbichi. Nililipeleka kwenye gereji moja yenye sifa. Fundi alifungua boneti, akasikiliza, akatikisa kichwa: tabo imekufa, tafuta nyingine ya mtumba. Alitaja bei ambayo sitaiandika hapa, watoto wangu wasije wakaisoma.

Nilirudi garini nikatazama mshale. Limesimama: 0.65 chini ya sifuri, kama ilivyo kwenye kijidaftari. Nikazunguka barabara ya uwanja wa ndege, nikakanyaga: 0.3, haupandi zaidi. Namba hizo mbili, ukizitazama pamoja, zinasema mengi. Kama hewa ingekuwa inavuja baada ya throtoli, mvuto ungepungua gari likiwa limesimama. Haukupungua. Kwa hiyo upande huo ni mzima. Kasoro iko kati ya tabo na throtoli, ama kwenye tabo au westigeti yenyewe. Na moshi mweusi ulinielekeza kwenye uvujaji. Injini hii hupima hewa mwanzoni kabisa, karibu na filta, kisha inamwaga petroli kulingana na hewa iliyopimwa. Hewa ikitorokea njiani, petroli imeshamwagwa kwa hewa ambayo haikufika.

Tulikwenda na fundi wangu kwa jamaa wa pancha, kwa sababu yeye ndiye mwenye kompresa. Fundi alitengeneza kizibo kwa kipande cha bomba la maji na kifuniko chake, akakitoboa, akakipachika valvu ya gurudumu. Tukakibana kwenye mpira mkubwa baada ya filta, tukaziba na vijimpira vya kupumulia injini ili presha isiende kusukuma siili za oili, kisha tukatia hewa polepole, haikuzidi bar 0.5. Kelele za barabarani zilitushinda kusikia chochote. Jamaa wa pancha akaleta kopo lake la maji ya sabuni, lile la kutafutia tundu, na brashi ya rangi iliyochakaa. Fundi akapaka intakula, hakuna kitu. Akapaka ubavu, hakuna. Akapeleka brashi chini ya ule mpira mweusi unaounganisha intakula na throtoli, upande usioonekana kwa jicho, na povu likafura mpaka likamdondokea kwenye kifundo cha mkono.

Klempu, kile kibano cha chuma cha kuukaza mpira, ilikuwa imeliwa na kutu upande wa chini, imebaki kama uzi, na mpira umechanika chini yake. Ukitazama kwa juu, vyote vizuri. Tulibadilisha mpira na klempu zote mbili, tukatia za chuma kisichoshika kutu. Jioni ile mshale ulipanda ukasimama kwenye 0.7. Gharama yote haikufikia bei ya kujaza tangi. Tabo iliyokuwa "imekufa" ndiyo hiyo ninayoendeshea mpaka leo.

Simlaumu sana yule wa kwanza. Alikuwa na masikio tu, na tabo inayosukumia hewa nje hupiga mluzi unaofanana na wa tabo iliyochoka.

Mpwa wangu, anayesoma mambo ya magari usiku kucha kwenye simu, alinijia na fikra nyingine. "Anko, kwa kuwa sasa unaiona presha, si tuipandishe? Kuna kikoki kidogo tu, unakizungusha unapata bar 1." Nilimkalisha chini. Gari hili lilipangiwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa kawaida huwa na oktani karibu 100. Tunayojaza hapa iko chini ya hapo. Petroli ya oktani ndogo ikibanwa sana kwenye joto huwaka yenyewe kabla ya wakati, na pistoni zinapigwa nyundo kutoka juu. Kompyuta ya injini hujitahidi kuchelewesha cheche ya plagi, ila ina mpaka wake. Tena joto la mwezi wa pili hapa, ukiwa kwenye foleni ya Mtwapa, intakula ya juu ya injini inachemka badala ya kupoza. Geji inaonyesha presha tu. Haionyeshi pistoni inapoanza kupasuka. Akaniambia sawa, ila kwa uso wa mtu anayengoja siku nitakayomwachia funguo.

Kitu kimoja nilichokibadilisha katika uendeshaji ni kufika nyumbani. Tabo hupozwa na oili ya injini, na ya Subaru hii hupozwa na maji pia, lakini ukizima ghafla ikiwa bado imewaka moto, oili iliyobaki ndani inaungua na kuganda. Zamani nilisimama nyumbani nikaacha injini ingurume, majirani wakashangaa. Sasa nikitoka Mombasa, nikishaupita uwanja wa ndege, mshale hauruhusiwi kuvuka sifuri mpaka nyumbani. Nikifika, nazima.

Sasa mjomba wangu ana Hiace ya dizeli yenye tabo, inabeba abiria Malindi na Mombasa, na alipoona yale ya klempu alitaka geji siku ile ile. "Na mimi nitilie, mwanangu. Nimechoka kudanganywa." Tulimuunganishia yangu kwa muda kumwonyesha. Injini ikinguruma, mshale ulikaa kwenye sifuri kabisa, haukutikisika. Mjomba akaniangalia. Nikamweleza kwamba dizeli haizuiliwi hewa kama petroli, mwendo wake unaongozwa na mafuta, kwa hiyo mvuto wa kusoma karibu haupo. Kwake geji ingekuwa na upande mmoja tu, wa juu, na nusu ya ujanja niliotumia kwenye Forester isingemfaa.

"Kwa hiyo sina faida nayo?"

"Ipo, mjomba, ila kwako si ya kwanza."

Hiace yake inaondoka na watu waliojaa, AC ikivuma, saa saba mchana. Kinachoziua hizo ni joto. Na mshale wa joto wa kiwandani mara nyingi hukaa katikati kwa utulivu hata maji yakipanda, mpaka yapande sana ndipo unaruka. Pesa zake tukazipeleka kwenye geji ya joto yenye namba halisi, sensa yake tukaiingiza kwenye mpira wa juu wa rejeta kwa kiungo cha aluminiamu, na kengele ndogo ilie ikifika nyuzi 100. Ya tabo ataitia mwaka ujao, asema, akishabadilisha matairi.